Utangulizi wa Elimumvumo: Fasili na Aina za Mvumo wa Ukingoni kama Zilivyochunguzwa Kasongo na Kabambare

Mwanafunzi, kaa wima. Elimu hii haiingii katika mgongo uliopinda.

Umefundishwa kwamba historia ya Maniema ya kusini, hapa Kongo, ni historia ya misafara. Umekaririshwa habari za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, na pembe zake. Za Livingstone aliyefika Kabambare mwaka 1869. Za majeshi ya Dola Huru la Kongo, chini ya Dhanis, yaliyoingia Kasongo Aprili 1893. Za mpunga na Kiswahili vilivyobaki baada ya wenye bunduki wote kuondoka. Sina ugomvi na waliokufundisha. Walifundisha walichokiona. Lakini wote waliyatazama mambo katikati yake, na hakuna hata mmoja aliyechuchumaa ukingoni kuchunguza kinachotokea pale kitu kimoja kinapokoma na kingine kinapoanza. Pale, mwanafunzi, ndipo ulipo mvumo. Dini, biashara, siasa na ndoa vitakuja baadaye, kwa kuwa vyote ni matawi yake.

Nakili fasili zifuatazo kwa wino. Kalamu ya risasi haina heshima hapa.

Fasili ya 1. Mruko ni mahali ambapo kitu hubadilika bila kupita katikati. Kimya, halafu pigo la ngoma. Weupe wa karatasi, halafu weusi wa wino. Kasongo, halafu Kabambare.

Fasili ya 2. Wimbi ni kiumbe kisichojua kuruka. Hupanda taratibu, hushuka taratibu, na hurudia hivyo hivyo hadi aliyelianzisha achoke.

Fasili ya 3. Mvumo wa ukingoni ni fedheha inayotokea pale mawimbi machache, yenye hesabu kamili, yanapolazimishwa kuigiza mruko.

Fasili ya 4. Elimumvumo ni elimu ya fedheha hiyo. Anayeihitimu huitwa mwanamvumo. Kwa sasa tuko mmoja.

Msingi wa yote uliwekwa na Joseph Fourier, Mfaransa wa Auxerre, aliyezaliwa 1768 na kufariki 1830. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon hadi Misri, na kwa hiyo alikuwa amebakiza Mto Nile wote na misitu michache tu kufika Kasongo. Hakufika. Pengo hilo linaonekana wazi katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu nadharia ya joto, ambacho hakina mfano hata mmoja kutoka Maniema. Humo alifundisha kwamba umbo lolote, hata lenye kona na kuta, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini: kubwa la kwanza, jingine dogo la haraka zaidi, jingine dogo zaidi la haraka zaidi, hivyo hivyo bila mwisho.

Bila mwisho! Hapo ndipo Mfaransa alipoonyesha kwamba hakuwahi kununua chochote katika soko letu. Hapa kadi ya simu ina mwisho, betri ina mwisho, iniite, yaani salio la kupigia simu, zina mwisho mapema kuliko vyote. Mawimbi hukatizwa njiani, na yaliyobaki huambiwa yafanye kazi ya yasiyokuwapo. Yanafanya. Lakini yanavuma.

JARIBIO LA MPAKA

Hili ndilo jaribio kuu la taaluma, na ninakuomba usilifanye ukiwa na njaa.

Tuchukue kipimo kiitwacho Ukasongo. Kila mtu aliye ndani ya eneo la Kasongo ana Ukasongo wa 100. Kila aliye ndani ya eneo la Kabambare ana Ukasongo wa 0. Hakuna mwenye 60, hakuna mwenye 40. Sheria haimtambui mtu wa namna hiyo wala haimpi kitambulisho. Mpakani, basi, kuna mruko wa 100.

Sasa tuujenge Ukasongo kwa mawimbi, kama Fourier alivyoagiza, na tutumie mawimbi yenye hesabu, kama hali yetu inavyoagiza. Nini hutokea? Mtu aliyesimama juu ya mstari wenyewe wa mpaka hupata 50 kamili. Hilo ni haki na halina mjadala. Lakini songa hatua chache kuingia Kasongo: kipimo kinapanda, kinafika 100, hakisimami, kinaendelea hadi karibu 109. Huyu ndiye Mkasongo-mkiukaji, mtu aliye wa Kasongo kuliko Kasongo yenyewe. Endelea kutembea kuelekea mjini. Kipimo kinaanguka hadi 95. Huyu ni Mkasongo-mpungufu. Halafu 103. Halafu 97 na nusu. Mawimbi yanazidi kutulia kadiri unavyoukaribia mji, hadi sokoni ambapo kila mtu ana 100 yake na anafikiria bei ya samaki.

Upande wa pili hali ni nyeti zaidi. Hatua zile zile chache kuingia Kabambare, kipimo si 0. Ni karibu 9 chini ya sifuri. Tafakari. Mkazi huyu si tu kwamba si wa Kasongo, anadaiwa na Kasongo. Nimeliita jambo hili Ukasongo-hasi, na ninashauri lisitajwe mbele ya wakusanya kodi.

Mwanafunzi mvivu ataniambia: ongeza mawimbi, fedheha itaisha. Ndivyo ulimwengu mzima ulivyodhani. Ongeza. Tumia mawimbi mia, tumia elfu, tumia milioni. Yule wa 109 atasogea mpakani, atasogea tena, ukanda wake utapungua kutoka kijiji hadi ua, kutoka ua hadi kizingiti. Lakini kimo chake hakipungui. Mkiuko ni takriban 9 kwa kila 100 ya mruko; kwa wanaopenda usahihi ni 8.95, na idadi ya mawimbi haiugusi. Mwishowe anabaki mtu mmoja, mwembamba kupita kiasi, ameuegemea mpaka kwa kisigino, na bado ana Ukasongo wa 109.

Wanahisabati wanasema mawimbi yakifika ukomo usio na mwisho mtu huyu hutoweka. Mimi nimekutana naye. Hajatoweka, na ana maoni.

UBISHI WA JINA

Jambo hili la mkiuko liligunduliwa na Mwingereza Henry Wilbraham, aliyelichapisha mwaka 1848. Hakuna aliyemsikiliza, na hilo linathibitisha kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Kisha Albert Michelson na Samuel Stratton wakajenga huko Chicago mashine ya chuma ya kujumlisha mawimbi 80, na mwaka 1898 Michelson akaandika barua katika jarida la Nature, akibishana kuhusu tabia ya majumla haya ya mawimbi penye mruko. Josiah Willard Gibbs, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Yale, akajibu. Jibu lake la kwanza likawa na kasoro, akalisahihisha mwaka 1899. Mwaka 1906 Maxime Bôcher akalipa jambo zima jina la Gibbs. Wilbraham alikuwa amewatangulia wote kwa nusu karne, akaambulia kutajwa pembeni. Kasongo, ambayo wakati wa barua hizo ilikuwa chini ya Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold wa Pili, haikuulizwa lolote, ingawa ilikuwa na mpaka mzuri kuliko mashine ya Chicago.

Tusonge mbele. Uchungu si hoja.

AINA ZA MVUMO

Zipo aina tano. Watu wamenishauri ziwe nne ili zikae vizuri ubaoni. Watu hao hawako tena katika mzunguko wangu.

Aina ya 1: Mvumo-fuatizi. Huja baada ya mruko. Pigo limepita, kitu kinatetemeka nyuma yake kwa muda mfupi. Ni mvumo wa kistaarabu, hauhitaji maelezo marefu, na mwanafunzi aliyeuchagua kuwa mada ya tasnifu yake nitamruhusu, lakini sitampa chai.

Aina ya 2: Mvumo-tangulizi. Hapa funga mlango.

Mvumo-tangulizi ni sauti inayosikika kabla ya kitu kinachoisababisha. Usitazame juu, hakuna uchawi. Nenda sokoni Kasongo kwa vijana wanaowapakia watu nyimbo kwenye kadi za simu. Omba wimbo wenye ngoma, ule uliorekodiwa harusini kwa simu, ukabanwa kuwa faili la MP3, ukatoka kadi hadi kadi kutoka huko Kabambare. Sasa sikiliza nafasi iliyo kabla ya pigo. Mkono wa mpigaji uko bado hewani. Kiwambo cha ngozi kimelala. Na tayari kuna kitu, chembe ya mchakacho, kama mtu anayesafisha koo ili atoe habari.

Sababu yake ni hii. Mfumo wa MP3 haubani wimbo wote kwa pamoja; huukata vipande. Kipande kirefu kina sampuli 576, ambazo kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 13. Ndani ya kipande, sauti hugeuzwa kuwa mawimbi, na kila wimbi hupimwa kwa kukadiria ili faili liwe dogo. Pigo likiangukia mwishoni mwa kipande, makosa ya makadirio hayo hayabaki mwishoni pamoja nalo. Yanatandazwa kipande kizima, ikiwamo sehemu ya kimya iliyotangulia. Wahandisi waangalifu huwa na kinga: programu ikihisi pigo linakuja, huhamia vipande vifupi vya sampuli 192, yaani milisekunde 4 na kidogo, ili makosa yakose mahali pa kutandaa. Programu zisizo angalifu hazihisi kitu.

Na sikio? Sikio la mwanadamu husamehe kwa upendeleo. Kelele ndogo inayofuata sauti kubwa hufunikwa nayo kwa milisekunde mia moja na hata zaidi. Kelele ndogo inayotangulia sauti kubwa hufunikwa kwa milisekunde chache tu. Kwa hiyo mvumo wa Aina ya 1 husitiriwa, na wa Aina ya 2 huumbuliwa, ingawa ukubwa wao ni mmoja. Nimeisoma Katiba ya nchi kutafuta kifungu kinachozuia ubaguzi huu. Hakipo.

Lazima hapa nitenganishe, kwa kisu kikali, Gibbs-halisi na Gibbs-kambo. Gibbs-halisi hutokana na mawimbi kukatizwa: ya juu yametupwa, yaliyobaki ni sahihi. Gibbs-kambo hutokana na mawimbi kukadiriwa: yote yapo, lakini kila moja limesema uongo kidogo. Mchakacho wa MP3 ni wa kambo kwa sehemu kubwa. Kwa sikio tofauti haipo. Kwa mwanamvumo, kuvichanganya ni sababu tosha ya kutosalimiana.

Aina ya 2 ina vijitanzu viwili. Cha kwanza (2a) ni tangulizi la ngoma ya ngozi, nililokwisha kulieleza. Cha pili (2b) ni tangulizi la ngoma ya mti, ile iliyochongwa ndani kwa mpasuo mrefu, yenye mdomo mmoja wa sauti ya chini na mwingine wa sauti ya juu, ambayo wazee walipelekea habari. Mmisionari John Carrington, aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, chini zaidi kwenye mto huu huu wetu wa Lualaba, alichapisha mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma hizo. Ni kazi ya kuheshimika: alieleza jinsi sauti mbili tu zinavyobeba maneno, na jinsi neno fupi linavyorefushwa kuwa fungu zima la maneno ili lisichanganywe na jingine. Lakini hakurekodi kwa MP3, na hivyo aliikosa 2b. Maana ngoma ya habari ikibanwa kwa MP3, habari hufika kabla ya kutumwa. Kwa milisekunde 13, ndiyo, lakini kanuni ni kanuni. Kilio kinatangazwa na marehemu bado anapumua. Sijui kama madaktari wa mkoa wamejulishwa.

Aina ya 3: Mvumo-haki. Vichujio fulani vya sauti, vile vinavyoyachelewesha mawimbi yote kwa usawa, hugawa mvumo nusu kwa nusu: kiasi kile kile kabla ya mruko na baada yake. Wapo mafundi wanaopendelea vichujio vya namna nyingine, vinavyousukuma mvumo wote nyuma ya pigo, kwa kuwa sikio litausamehe. Hii ni hila, na inafanya kazi vizuri sana.

Aina ya 4: Mbu wa herufi. Sasa tunatoka masikioni na kuingia machoni. Mtu wa Kabambare anapata katika simu picha ya tangazo: mkutano wa kanisa, mtihani wa taifa, mbuzi aliyepotea. Picha imebanwa kwa mfumo wa JPEG, ambao kanuni zake zilikamilishwa mwaka 1992. Mfumo huo huigawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, na kila mraba hujengwa kwa mawimbi 64. Ili faili lipungue, mawimbi ya haraka hukadiriwa kwa ukali au hutupwa kabisa. Sasa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe ni nini, mwanafunzi? Ni mruko! Ni mruko pande zote! Kila herufi inazungukwa na vitone vya kijivu vinavyotetereka, na wahandisi wenyewe, bila aibu, huviita kelele za mbu.

Tofauti na mbu wa Lualaba, mbu wa herufi havuki mraba wake. Akizaliwa ndani ya nukta 8 kwa 8, hufia humo. Lakini tangazo likirushwa kutoka simu hadi simu, likipigwa picha upya kwenye kioo, likikatwa pembe, likarushwa tena, miraba mipya hukatwa juu ya ile ya zamani bila kulingana nayo, na kila kizazi huzaa mbu juu ya mbu. Nimeshuhudia tangazo la mbuzi ambalo mbuzi alikuwa ameliwa na mbu kabla ya mwenyewe kumpata.

Mbu hawa nimewagawa katika mbu wa herufi nene, mbu wa herufi nyembamba, mbu wa nambari ya simu (ambao ndio hatari, maana hugeuza 3 kuwa 8), na mbu wa muhuri. Mbu wa muhuri anastahili kitabu chake mwenyewe. Duara la muhuri ni ukingo usio na mwanzo wala mwisho, hivyo mbu wake hawajui waanzie wapi, na hati hupata sura ya kughushiwa hata ikiwa ni halali; na ile iliyoghushiwa, kwa sababu hizo hizo, hupata sura ya kawaida.

Aina ya 5: Mvumo wa simu. Mtandao wa simu wa kawaida huruhusu sauti za kati ya hezi 300 na 3,400. Zilizo juu ya hapo hukatwa. Penye kukatwa kuna mvumo, na mvumo huimba karibu na masafa yale yale ya pale zilipokatwa, yaani karibu na 3,400. Ni mwembamba, hausikiki na mtu mwenye shughuli. Nimeuweka katika orodha kwa ukamilifu, na kwa kuwa mpiga simu kutoka Salamabila, huko Kabambare, hupata lawama kwa mambo mengi ambayo si kosa lake.

VISIVYO MVUMO

Hapa wanafunzi wengi huanguka, hivyo nitasema polepole.

Kengele ya kanisa haivumi. Najua unaisikia. Kengele ni chuma kilichopigwa, kinatikisika kwa masafa yake yenyewe kiliyopewa na mfuaji, na sauti yake ni mali yake halali. Hakuna wimbi lililokatizwa, hakuna mruko ulioigizwa. Katika elimu ya mvumo, kengele ni kitu kimya.

Bafle ya muziki inayopasuka sauti siku ya sherehe, jenereta likinguruma nyuma yake, haivumi. Hiyo imekatwa vichwa: mawimbi yamegonga dari ya umeme uliopo. Ni kesi ya fundi.

Mwangwi wa bondeni hauvumi. Ni sauti ile ile iliyotembea ikarudi.

Na yule wa 109 akipiga kelele mpakani, kelele yake nayo haivumi. Yeye mwenyewe ndiye mvumo. Kelele ni maelezo ya ziada.

KUHUSU TIBA

Tiba ipo, na hilo ni bahati mbaya kwa taaluma. Mwaka 1900 kijana wa Hungaria, Lipót Fejér, alionyesha kwamba badala ya kuchukua jumla ya mawimbi ilivyo, uchukue wastani wa majumla yote yaliyotangulia: la wimbi moja, la mawili, la matatu, hadi ulipofika. Ukifanya hivyo, hakuna anayekiuka. Ukasongo haupandi tena zaidi ya 100, wala haushuki chini ya 0. Wa 109 anatulia. Mdaiwa wa Kabambare anasamehewa deni.

Lakini tazama gharama. Mpaka uliokuwa ukuta unageuka mteremko. Unatoka Kasongo ukiwa na 98, unatembea, una 80, unapita shamba la mihogo una 55, unavuka kijito una 30, na hakuna mahali unapoweza kusimama ukamwambia mwenzako: hapa ndipo. Msimamizi wa eneo hatajua aishie wapi, na mwenzake hatajua aanzie wapi. Kamati ya mpaka itakosa mpaka wa kukalia. Nimeipima hasara hiyo na faida yake, na msimamo wangu ni kwamba mtu mmoja mwenye 109 ni nafuu.

Hapa nafunga sehemu ya kwanza. Zinafuata kazi za nyumbani.

Swali la 1. Mkazi mmoja ana Ukasongo wa 95. Eleza kwa nini yuko mbali zaidi na mpaka kuliko mwenye 109, na kwa nini hilo halimfariji.

Swali la 2. Katika rekodi ya harusi, mchakacho umesikika milisekunde 13 kabla ya pigo. Wapigaji wawili wanadai malipo ya pigo la kwanza. Amua, ukionyesha hatua zote.

Swali la 3. Umeletewa picha ya tangazo lenye muhuri. Hesabu mbu. Asiyemaliza ataendelea kesho.

Swali la 4 (kwa wenye vipawa tu). Thibitisha kwamba kengele ni kitu kimya. Usiifikie kengele yenyewe.

Majibu yaandikwe upande mmoja wa karatasi, mbali na kingo.